Barua Hii Nimwandikie Nani?

Wengi wanaoingia saiba yangu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, wanajua vizuri kilichowaleta. Taabu huanza ninapouliza barua inakwenda ofisi gani.

"Iandike kwa serikali, mwanangu."

Ya kaunti au ya kitaifa, mama?

"Wewe andika tu. Watajuana wenyewe."

Hawajuani. Nimeona barua nzuri, zenye haki ndani yake, zikipelekwa kwenye mlango usio wake na kufia huko, na jambo hili linaniuma kwa sababu aliyeiandikisha hurudi nyumbani akiamini amedharauliwa. Mara nyingi hakuna aliyemdharau. Barua imekaa mezani kwa mtu asiye na uwezo wa kuijibu.

Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi, kuwafungulia watu eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kuwaandikia barua wale wasioweza au wasiopenda kuandika. Nilianza wakati wa meya na baraza la manispaa, siku ambazo mwenye shida alikwenda kwa chifu, chifu akampeleka kwa D.O., mkuu wa tarafa, na kwa watu wengi D.O. ndiye aliyekuwa mwisho wa habari. Ikaja katiba ya Agosti 2010, na tangu uchaguzi wa Machi 2013 tuna serikali mbili na kura sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Tulifundishwa kukunja karatasi na kutazama rangi ya sanduku. Kazi ya kila mmoja wa hao sita hatukufundishwa kwa bidii hiyo, ingawa imeandikwa.

Basi anakuja mzee wa Majengo anataka barua kwa gavana kwa sababu mwanawe amezungushwa kitambulisho, ameulizwa hadi kipande cha babu yake. Kitambulisho ni kazi ya serikali ya kitaifa. Gavana hana hata muhuri wake. Anakuja kijana wa tuktuk anataka kumshtaki mbunge kwa taka zilizorundikana barabarani kwao. Taka ni za kaunti. Anakuja mama wa Likoni amechoka na foleni ya feri, naye pia anamtaka gavana.

Huyu wa mwisho sikumwambia amekosea. Jedwali la Nne la katiba lenyewe linataja feri na bandari miongoni mwa kazi za kaunti, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Lakini kivuko cha Likoni kimebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, na sasa kinaendeshwa na Mamlaka ya Bandari. Mama alikuwa amesoma mambo kwa akili yake ya kawaida: chombo kinavuka kutoka Mombasa kwenda Mombasa, kwa nini kisiwe cha Mombasa? Sikuwa na jibu zuri la kumpa, nilikuwa na anwani tu.

Maji nayo ni kesi ngumu zaidi. Maji mengi tunayokunywa mjini hayatoki Mombasa. Yanatoka Mzima huko Taita Taveta, Baricho upande wa Kilifi, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Shirika la serikali ya kitaifa linayavuta na kuyauza kwa jumla, kampuni ya kaunti inayanunua na kuyagawa majumbani, na pampu zinakwenda kwa umeme wa kampuni ya tatu; bili ya umeme ikilala, pampu zaweza kuzimwa. Mfereji ukikauka Bondeni, kosa laweza kuwa la yeyote kati ya hao watatu, na mwenye mkokoteni wa madumu hapunguzi bei kwa sababu hujui ni nani. Ninaposikia watu wa ofisini wakisema raia hawaelewi serikali, hukumbuka bomba hili. Hata mhasibu angehitaji siku nzima kulifuata kutoka mwanzo hadi mwisho.

Lakini kuliko anwani, kinachonishughulisha ni maoni. Nayasikia mchana kutwa, kwa sababu watu wakisubiri printa huzungumza, na wale wa maskani iliyo nyuma ya duka huzungumza hata bila kusubiri chochote. Mtu mmoja hubeba maoni mawili yasiyokaa pamoja, na yote mawili anayasema kwa moyo wake wote.

Mama anayekaanga mahamri jirani yangu alifurahi sana mwezi wa Juni 2024. Mswada wa fedha ulitaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16 na magari yatozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Vijana wakajaa barabarani, hapa Mombasa pia, na tarehe 26 Juni Rais Ruto akatangaza hatautia saini. "Kodi zimetosha," aliniambia mama, "hawa watu hawana huruma." Muda si mrefu akaja nimwandikie barua: zahanati yao haina dawa za presha, na serikali iongeze wauguzi kwa sababu aliyeko ni mmoja na foleni inafika nje. Nikamuuliza kwa upole pesa za dawa na wauguzi zitoke wapi. "Ziko," alisema. "Wakiacha kuiba, zitatosha."

Nimelifikiria sana jibu lake. Mtu wa mbali angesema mama huyu hajui anachotaka: hataki kodi, anataka huduma. Mimi naona ana hesabu yake, na hesabu hiyo ina ushahidi, kwa kuwa ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoka kila mwaka na kila mwaka zina matumizi yasiyoelezeka. Shida yangu na "wakiacha kuiba" ni kwamba jibu hilo humaliza kila mazungumzo. Ukishalisema, huhitaji tena kuuliza dawa za zahanati zinagharimu kiasi gani, nani anaziagiza, wala kwa nini zimeisha wadi hii na ziko wadi ile. Wizi upo. Ila ukiwa ndio jibu la kila swali, mwizi mwenyewe anastarehe, kwa sababu hakuna anayemuuliza juu ya kitu kimoja kinachoweza kuhesabiwa.

Yuko mwingine, kijana anayefanya kazi bandarini, aliyekuja kuchapa hati yake ya mshahara. Alinionyesha kwa kidole makato ya nyumba, asilimia 1.5, akasema huu ni unyang'anyi. Kabla hajaondoka alinitaka nimsajili Boma Yangu, tovuti ya kuomba hizo hizo nyumba. Alipoona namtazama akasema, "Nikishakatwa, bora nami nipate." Sina la kumlaumu. Lakini angekuja mtu na karatasi ya maoni ya wananchi wakati anasoma hati ya mshahara, angeandikwa mpinzani wa mpango wa nyumba. Angekuja robo saa baadaye, angeandikwa mwombaji wake.

Jambo hili si la Mombasa peke yetu. Mwaka 1964 msomi wa Marekani, Philip Converse, alieleza alichokiona kwa watu wale wale waliohojiwa mwaka 1956, wakahojiwa tena 1958, na mara ya tatu 1960. Swali mojawapo lilikuwa kama serikali iwaachie wafanyabiashara mambo kama umeme na nyumba. Watu wengi walibadilisha jibu kutoka mara moja hadi nyingine bila mwelekeo wowote, kana kwamba wanarusha sarafu. Akahitimisha kwamba wengi wao hawakuwa na maoni kabisa juu ya jambo hilo. Walijibu kwa sababu wameulizwa. Umeme na nyumba, tena! Niliposoma hayo nilimkumbuka kijana wangu wa bandarini. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na maoni, na yote mawili yalitoka katika jambo linalomgusa siku hiyo. Nadhani wengi wetu tuko hivyo. Tunaijua serikali kwa dirisha tulilosimama mara ya mwisho, na tukisimama dirisha jingine tunasema jingine.

Muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya kama miraa, ulinionyesha haya waziwazi kuliko kitu chochote. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alitoa amri kupiga marufuku kuingiza, kuuza na kutumia muguka Mombasa. Mzee mmoja wa Kisauni, ambaye kijana wake ameharibika kwa kutafuna mchana na usiku, alikuja dukani akimwombea gavana dua. Wiki hiyo hiyo dada yake akafunga kibanda. Alikuwa akiuza muguka na ndio uliokuwa ukilisha watoto wake. Mzee akarudi. Safari hii alitaka barua ya kulalamika kwamba serikali inawaonea wanyonge, inafunga biashara bila kuwapa njia nyingine. Kisha Rais akasema amri za kaunti dhidi ya muguka hazina nguvu, na Mahakama Kuu huko Embu, kunakolimwa muguka, ikasimamisha utekelezaji. Mzee akawa na maneno ya tatu: gavana ametudanganya.

Nilimketisha, nikamwagizia kahawa, nikafungua katiba kwenye kompyuta. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya kudhibiti dawa za kulevya, na ni mlango huo ambao kaunti ingeweza kuusimamia. Lakini muguka unatambuliwa kama zao katika sheria ya mimea ya mwaka 2013, ambayo ni sheria ya nchi nzima, na wakulima wa Embu wana haki zao humo. Sheria mbili ziligongana juu ya jani moja. Hakuna aliyemdanganya mzee. Gavana alitumia uwezo aliodhani anao, na wengine wakaupinga mahakamani, mahali panapostahili.

"Shekhe," nilimuuliza, "wewe unataka muguka uendelee au ukomeshwe?"

Alikaa kimya kidogo. "Nataka mwanangu apone na dadangu ale."

Hayo ni maoni kamili, na ni ya haki. Lakini huwezi kuyatia kwenye karatasi ya kura, wala mwanasiasa yeyote niliyemsikia mwaka ule hakuzungumza nayo. Waliounga mkono walizungumza habari za mtoto, waliopinga wakazungumza habari za kibanda, na mzee akawa anavutwa huku na huku kulingana na nani aliyesema mwisho.

Sasa nifike kwenye basari, yaani msaada wa karo, kwa sababu hapo ndipo mizizi ilipo. Kila Januari duka hujaa wazazi wenye fomu. Iko fomu ya CDF, hazina ya maendeleo ya jimbo, inayopitia kwa mbunge. Iko ya mfuko unaosimamiwa na mwakilishi wa wanawake. Iko ya kaunti, inayoshukia wadini. Zote tatu ni pesa za kodi, ikiwemo ile anayolipa mama wa mahamri. Lakini sijawahi kusikia mzazi akisema "nimepata basari ya CDF". Husema "mheshimiwa amenisomeshea mtoto". Siku ya kutoa hundi panafungwa hema, wazazi wanaimba, mheshimiwa anakabidhi hundi kubwa ya kadibodi mbele ya kamera. Mtu aliyesaidiwa hivyo atawezaje kwenda ofisini kwa huyo huyo mheshimiwa kudai hesabu? Angeonekana hana shukrani, na sisi watu wa Pwani tumelelewa kuchukia utovu wa shukrani kuliko makosa mengi.

Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya hazina hiyo ya mwaka 2015 inakwenda kinyume na katiba, na ikaipa muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Hoja kubwa ilikuwa kwamba mbunge kazi yake ni kutunga sheria na kusimamia matumizi, si kutekeleza miradi na kuingilia kazi za kaunti. Wazazi wangu waliwakasirikia majaji: "Wanataka watoto wetu wakae nyumbani." Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti naye akatoa waraka kwamba kaunti zisitoe basari kwa elimu ambayo ni kazi ya serikali ya kitaifa bila makubaliano baina ya serikali hizo mbili. Hasira ikahamia huko. Na ni wazazi hao hao ambao, wakisubiri kopi, huniambia mbunge wetu hafanyi kazi, hatumsikii bungeni.

Siwalaumu kwa kutoona uhusiano wa mambo hayo. Ile fomu ndiyo serikali pekee waliyowahi kuishika mkononi ikawapa kitu. Ukiwaambia kazi ya kweli ya mbunge ni sheria, ni sawa na kumwambia mtu mwenye kiu habari za mvua ya mwakani. Ninachokasirikia ni jinsi utaratibu huu unavyomfaa anayetoa. Nenda shule yoyote ya msingi hapa kisiwani: darasa la chekechea na mwalimu wake ni wa kaunti, madarasa mengine yana kibao cha CDF chenye jina la mbunge, walimu wake wanalipwa na tume ya kitaifa ya walimu. Kiwanja kimoja. Mzazi anayeingia na malalamiko huona kibao chenye jina kubwa, akampigia simu huyo.

Ndiyo maana gavana hubeba lawama kupita kiasi kwa mambo fulani na sifa kupita kiasi kwa mengine. Pale maskani wanaamini kaunti zinapewa nusu ya pesa za nchi. Mwaka wa fedha 2023/24 kaunti zote 47 ziligawiwa shilingi bilioni 385.4 katika bajeti iliyokaribia trilioni 3.7, yaani kama shilingi kumi katika kila mia. Nilipochapa takwimu hizo na kuwapelekea, babu mmoja mcheza dhumna alizikataa kabisa. Alisema kama ni kidogo hivyo, mbona wanauana kwa ajili ya ugavana? Swali zuri, na lina majibu kadhaa. Bilioni saba na ushei zilizokuja Mombasa mwaka huo ni pesa nyingi kwa mtu anayezigawa, hata kama ni chache kwa mji unaozingojea.

Kujua mambo haya kunagharimu. Vikao vya kutoa maoni juu ya bajeti hutangazwa gazetini na mara nyingi hufanywa asubuhi ya siku ya kazi, wakati muuza samaki wa Kongowea yuko sokoni. Vitabu vyenyewe vimeandikwa Kiingereza, mamia ya kurasa za jedwali. Anayepoteza asubuhi moja hapo anapoteza chakula cha jioni, na kura yake ni moja katika laki kadhaa. Ninaelewa kabisa kwa nini haendi. Kile nisichokielewa ni kwa nini muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili, wadi kwa wadi, usibandikwe msikitini, kanisani na sokoni. Kuchapa kurasa nne ni shilingi arubaini dukani kwangu. Hili nimeliandika kwa barua, na nililiandika kwa ofisi inayohusika, na nitaendelea kuliandika.

Kitu kimoja nimejaribu mwaka huu kimenipa moyo. Ule mswada wa fedha wa 2024 ulipitishwa Bungeni tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, muda mfupi kabla waandamanaji hawajaingia ndani ya majengo ya Bunge. Mama wa mahamri alikuwa na hasira na rais, na gavana pia. Gavana hana kura katika Bunge la Taifa. Mwenye kura ni mbunge, pamoja na mwakilishi wa wanawake, na hao wawili mama hakuwa amewataja hata kidogo. Alimkumbuka mbunge kwa mazishi aliyohudhuria mtaani, kwa sukari na mchele alioleta.

Nikatafuta kumbukumbu za mjadala wa siku ile kwenye tovuti ya Bunge. Majina yamo, nani alisema ndiyo na nani alisema la, kwa majimbo yote, ikiwemo sita yetu: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Nikayachapa, nikaweka nakala mezani maskani bila kusema neno.

Wakaanza na ubishi wa kawaida, nani ametoa mchele na nani amekimbia mazishi. Kisha mmoja akasoma orodha kwa sauti. Akaulizwa arudie. Mabishano yalikwenda hadi adhana ya alasiri, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka hapo nilisikia wabunge wakipimwa kwa kitu walichokifanya bungeni. Hawakuafikiana. Babu wa dhumna alimtetea wake kwamba alipiga kura vile kwa sababu chama kilimlazimisha, mwingine akasema basi tulichagua chama au tulichagua mtu. Mama wa mahamri alisikiliza, akaja kuniuliza kama ninaweza kumpatia na kura za mswada wa mwaka 2023, ule uliopandisha kodi ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16.

Nimeshazitafuta. Yeyote anayezitaka za jimbo lake apite dukani, nitamchapia bila malipo.